Jaketi la Mutsumi

Kiryu, 17 Aprili 1983

Kwa Dada Mio Hoshikura,

Najua barua hii itaingia kwenye gunia pamoja na nyingine elfu moja, lakini naiandika hivyo hivyo. Naitwa Mutsumi Orihara. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa pili katika shule ya ushoni hapa Kiryu. Darasani kwetu tuko wasichana watano ambao ni wewe. Samahani, nimekosea: tunaovaa kama wewe. Ukitokea kwenye televisheni Alhamisi umekata nywele, Ijumaa asubuhi Fumie Nagai anatupanga mstari chooni na mkasi mkononi. Lile gauni jeupe la utepe wa buluu nilitushonea sote watano mimi, kwa kuangalia picha ya gazeti tu. Wenzangu wanasema nina macho ya kamera.

Bibi hafurahi. Naishi naye, sisi wawili tu. Baba alifariki mwaka juzi, na mama yuko Yokohama kwa mume mwingine. Jana Bibi aliniona natoka na lile gauni akaniita, "We binti wa Nagai, mwambie Mutsumi chai iko tayari!" Nikageuka nikamwambia, "Bibi, ni mimi." Akanitazama weee, kisha akasema, "Sasa kama ni wewe, mbona hii ni mara ya tatu nakuita kwa jina la mtu mwingine?"

Nilicheka, lakini njia nzima hadi shuleni nilikuwa nalirudia neno lile. Ndipo nikataka kukuuliza. Wewe unajuaje kwamba nguo fulani ni yako? Unasimama mbele ya kabati, halafu inakuwaje?

Usipojibu sitanuna.

Mutsumi Orihara


Tokyo, 6 Mei 1983

Mutsumi mdogo wangu,

Barua yako haikuzama guniani. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Watu huniuliza napenda chakula gani na wanaume wa aina gani. Swali lako hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nitakujibu ukweli. Mimi huvaa ninachopewa. Gauni lile jeupe lililetwa likiwa ndani ya mfuko, kiuno kikanipwaya, wakakibana kwa pini nyuma ambako kamera haifiki. Bila shaka yale matano uliyoshona wewe yalikaa vizuri kuliko langu. Kwa hiyo usinifuate mimi, maana utakuwa unamfuata mtu anayefuata.

Zamani, nilipokuwa na umri wako, nilishona sketi kwa pazia la jikoni. Ilikuwa mbaya sana, na sijawahi tena kutembea barabarani na furaha kama ile. Kisha watu wakanicheka, nami nikaiacha. Usiache.

Fanya hivi: fungua makabati ya kwenu. Shona kitu kimoja ambacho televisheni haijawahi kukiona, kisha uniandikie.

Dada yako,
Mio


Kiryu, 12 Juni 1983

Dada Mio,

Nilipoiona bahasha nilikaa chini palepale mlangoni hadi Bibi akaniuliza kama ni habari za msiba!

Nimefungua makabati. Nimefungua na bohari, ambalo hatujaligusa tangu baba afariki. Baba alikuwa na mitambo minane ya kufuma mikanda ya kimono. Maagizo yalipokauka aliivunja mwenyewe kwa nyundo, mmoja baada ya mwingine, siku tatu mfululizo. Baada ya pale hakuwa mgonjwa wala mzima. Alikaa tu, hadi alipofariki Februari ile.

Bohari lina vipande vya mikanda alivyoviacha. Upande wa mbele ni ndege korongo wa dhahabu, kama mikanda yote ya mabibi harusi. Kimoja kilianguka, nikakiokota kikiwa kimegeuka. Dada Mio, kwa nyuma korongo hayupo! Kuna nyuzi tu, nyekundu, za kijani, za rangi ya chai, zinarukiana huku na huku, nyingine zimekatika zinaning'inia kama mvua. Nilikaa sakafuni nikakiangalia mpaka miguu ikafa ganzi.

Nitashona jaketi, upande wa nyuma ndio uwe nje. Mikono nitaitoa kwenye koti la kazi la baba, lile la buluu, na doa la mafuta kwenye kiwiko nitaliacha. Bibi alipoona nilivyovipanga alipitisha kidole kwenye nyuzi. Kisha akasema, "Upande huo ndio tuliokuwa tunauficha. Na ndio uliotumaliza vidole."

Fumie nilimwonyesha mchoro tu. Akasema, "Umeota umevaa nguo ndani nje, ukaamka ukaichora?" Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Lakini nimeacha kwenda chooni siku za Ijumaa, na nywele zangu zinaota zinavyotaka.

Mchoro naufunga humu.

Mutsumi wako


Tokyo, 28 Juni 1983

Mutsumi,

Nimeutazama mchoro wako kutwa. Sijui nikuambie nini, ila kwamba ni wako, na mtu yeyote mwenye macho ataona hivyo.

Ukilimaliza nitumie picha, kipande cha kitambaa, na zile karatasi za vipimo ulizokatia kitambaa, maana nataka kuona bega umelipataje. Na kwa sasa usiwaonyeshe watu. Kitu kichanga hakifai kupitishwa mbele ya kila jicho.

Mio


Kiryu, 20 Julai 1983

Dada Mio,

Limekwisha! Picha kapiga Bibi kwa kamera ya jirani, ndiyo maana kichwa changu kimekatika, lakini jaketi lote linaonekana. Kipande cha kitambaa hicho hapo. Karatasi za kukatia ni hizo tu, sina nakala, lakini najua kwako zitakuwa salama kuliko hapa kwetu panya walipo.

Tarehe 3 Novemba shule ina maonyesho. Mwenye kazi bora Mwalimu Negishi humpendekeza kwenye chuo cha ubunifu huko Tokyo, na chuo humsamehe ada. Bila hivyo mimi nikimaliza naenda kiwandani, tena nitashukuru nikipata. Nitalivaa siku hiyo. Umesema nisilionyeshe, na sitalionyesha. Bibi amelifunga kwenye karatasi akaliweka chini ya magodoro.

Nilipolijaribu mbele ya kioo sikukufikiria wewe hata kidogo. Usikasirike! Nilijiona nimesimama pale mimi mwenyewe, kama mtu aliyefika nyumbani.

Mutsumi


Tokyo, 19 Septemba 1983

Mutsumi,

Livae sasa. Livae kesho uende nalo shuleni, upite nalo sokoni, mwalimu wako alione, mtu akupige picha yenye tarehe. Usingoje Novemba. Siwezi kukueleza sababu. Livae tu, tafadhali.

Mio


Kiryu, 25 Septemba 1983

Dada Mio,

Umenichekesha. Nilimsomea Bibi, akasema, "Huyo dada yako ana haraka kuliko wewe." Najua unaona uchungu nisubiri peke yangu, lakini nimekwisha jiapiza. Zimebaki wiki tano tu na siku kadhaa. Nikilitoa leo, Fumie atalizoea, na siku yenyewe ikifika litakuwa jambo la jana.

Utajivunia mimi, utaona.

Mutsumi


Kiryu, 14 Novemba 1983

Dada Mio,

Samahani kwa mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, hii ni siku ya tatu.

Tarehe 20 Oktoba nilikuona kwenye televisheni umelivaa. Bibi alikuwa anamenya figili, nikapiga ukelele akajikata. Wewe hujui nilivyofurahi. Nilidhani umemwambia mtu akushonee kwa zile karatasi zangu, ili unitie moyo kabla ya maonyesho, na kwamba mwisho wa wimbo utalitaja jina langu. Nilisogea karibu na kioo nisije nikalikosa. Wimbo ukaisha. Mtangazaji akasema, "Jaketi la ajabu hilo!" Ukasema, "Ni wazo letu jipya." Nikajiambia, amesema letu, yaani lake na langu.

Siku ya maonyesho nililivaa. Sikuwa na kingine, na kuliacha nyumbani niliona ni kama kukiri kosa. Nilipopanda jukwaani ukumbi ulicheka. Mtu akaita, "Mio wa mashamba ya maboga!" Mwalimu Negishi akanishusha, akaniambia mbele ya wazazi, "Orihara, sheria ya shindano ni kazi ya mtu mwenyewe. Ulidhani sisi hatuna televisheni?"

Nikasema, "Mwalimu, nililishona Julai. Fumie aliona mchoro Juni. Fumie, sema!"

Fumie akasema, "Mchoro gani?"

Nikaenda nyumbani mbio nikarudi na barua zako. Wakazilinganisha na sahihi yako iliyo nyuma ya sahani ya santuri. Hazifanani, Dada Mio. Hata herufi moja. Mwalimu akasema taratibu, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi, "Mtoto, unajiandikia barua mwenyewe?" Jina langu wakalifuta.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanne wale walinizunguka. Fumie alisema, "Ulituona sisi nyani, siyo? Kumbe wewe ndiye uliyetushinda sote kwa kuiga." Akaanza kuzikata nyuzi za mgongoni kwa mkasi mkubwa wa kitambaa. Akapita kwenye mkono wa koti la baba. Hapo ndipo nilipoushika mkasi. Sijui kama alikusudia. Mimi ndiye niliyeshika makali.

Daktari anasema mishipa ya vidole viwili vya mkono wa kulia imekatika, kile cha kuonyeshea na cha kati. Ameiunga. Anasema tungoje.

Sikulaumu. Pengine una mtu anayekuandikia kwa sababu una kazi nyingi, ndiyo maana mwandiko si wako. Naomba kitu kimoja. Mwandikie Mwalimu Negishi mstari mmoja tu, kwamba lilikuwa langu. Anwani ya shule iko chini.

Mutsumi


Tokyo, 30 Novemba 1983

Mpenzi shabiki,

Asante kwa barua yako yenye upendo! Mio amefurahi sana kuipokea. Kwa sababu ya wingi wa barua hawezi kumjibu kila mmoja binafsi. Endelea kumpenda Mio, na usikose wimbo wake mpya mwezi huu.

Ofisi ya Mashabiki wa Mio Hoshikura


Kiryu, 12 Desemba 1983

Kwa Mio Hoshikura,

Mimi ni Ise Orihara, bibi yake Mutsumi. Nina miaka sabini na moja. Hasira nimeiweka kando kwanza, ili niandike kwa herufi zinazosomeka.

Mjukuu wangu alipokea karatasi yenu ya chapa. Aliisoma, akaikunja vizuri, akala chakula chake chote, akaosha vyombo kwa mkono mmoja. Asubuhi alinikabidhi sare ya shule nimrudishie mwalimu. Nilimwambia, "Pumzika wiki, kisha urudi." Akaniambia, "Bibi, narudi kufanya nini?" Vidole havikunjiki. Hawezi kushika sindano, wala kusukuma kitambaa chini ya cherehani. Nywele amezikata zote, fupi kama za mvulana. Hakuiga mtu safari hii.

Watu wa mtaani wanasema alijitungia yale yote. Mama yake alipiga simu kutoka Yokohama, naye akauliza kama mtoto ana akili timamu.

Sasa nisikilize. Televisheni siijui, lakini nimefuma miaka hamsini na minne. Binti wa jirani ameniletea gazeti lenye picha yako kubwa ya rangi. Nimeitazama kwa miwani na kioo cha kukuzia. Mtambo wa nne wa mwanangu ulikuwa na ugonjwa: kila baada ya upana wa kidole ulikuwa unaruka uzi mmoja wa kijani. Alihangaika nao miaka sita asiupatie dawa. Mtambo huo aliuvunja, na duniani hakuna mwingine wenye kosa lile. Jaketi lako limeruka uzi wa kijani, kila baada ya upana wa kidole.

Mlimpa mfumaji kipande cha mtoto, akakifuata uzi kwa uzi. Mmeiga hata kosa la marehemu mwanangu.

Sitaki chochote kutoka kwenu. Nataka ujue kwamba mtu mmoja ameona.

Ise Orihara


Tokyo, 20 Desemba 1983

Kwa Bibi Ise Orihara, na kwa Mutsumi,

Jina langu ni Setsuko Kadowaki. Nina miaka arobaini na moja. Mio Hoshikura hajawahi kuziona barua za Mutsumi. Aliyeandika ni mimi, tangu ya kwanza.

Kazi zangu ofisini zilikuwa mbili: kujibu barua za mashabiki na kusaidia upande wa mavazi. Nilisomea ushoni nikiwa kijana. Sketi ya pazia ilikuwa yangu. Barua ya Mei, Mutsumi, niliiandika kwa moyo mweupe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwambia mtu ninachokiamini, na nilipata ujasiri kwa sababu sikutia jina langu.

Kisha mkuu wetu akataka sura mpya ya Mio kwa msimu wa vuli. Nilimpelekea michoro arobaini. Akaipitia huku anavuta sigara, akasema, "Kadowaki, hizi nimeziona zote kwa wengine." Mchoro wako ulikuwa mezani kwangu. Nikauweka juu. Sikusema ni wangu; aliponiuliza, "Huu ni wako?" nilinyamaza tu, naye akanipiga begani. Nilipokuomba karatasi za kukatia nilikuwa nimekwisha jua ninachofanya. Mwezi Septemba, siku waliyopanga kurekodi, nilikuandikia ulivae. Hiyo ndiyo robo ya ujasiri niliyokuwa nayo.

Karatasi ya chapa ya Novemba nayo niliituma mimi. Barua yako ya mkono wa kushoto ilikuwa mezani, nikaifunika kwa gazeti, nikachukua karatasi ya chapa juu ya rundo. Sikuweza kuandika "Dada yako" tena, na jina langu sikuthubutu.

Barua ya Bibi niliisoma mbele ya Mio. Ana miaka kumi na tisa. Alilia, akasema, "Dada Setsuko, mbona hukuniambia? Mimi ningelitaja jina lake. Mimi hata soksi sichagui." Mkuu alisema tusijibu, watachoka wenyewe. Nimeacha kazi jana.

Ndani ya kifurushi hiki kuna karatasi zako, picha yako, mchoro, na barua yangu kwa mwalimu wako yenye jina langu, anwani yangu na muhuri wangu. Aichape hata gazetini akitaka.

Msamaha siombi, kwa sababu nikiomba nitakuwa nimewatwisha kazi nyingine.

Setsuko Kadowaki


Kiryu, 26 Februari 1984

Kwa Bi. Kadowaki,

Kifurushi kilifika. Bibi alikipeleka shuleni mwenyewe, kwa miguu, siku ya upepo mkali ule wa mlimani. Mwalimu Negishi aliisoma barua yako mbele ya darasa. Kesho yake alikuja nyumbani akapiga magoti mlangoni, paji la uso likagusa sakafu. Fumie alikuja na mama yake na boksi la keki. Alisema, "Niliuona mchoro. Niliuona." Akashindwa kuendelea. Nilipokea keki. Bibi hakula.

Walinirudisha shuleni. Nilikaa siku tisa. Mguu unakanyaga cherehani kama zamani, lakini mkono hauongozi, kitambaa kinakwenda kando. Mwalimu alisema, "Si kitu, utazoea." Wasichana wote waliacha kushona wakawa wananitazama kwa huruma, na mkono haukuzoea. Siku ya kumi nikakunja sare.

Sasa nafanya kazi kwenye duka la vyakula vya boksi karibu na stesheni. Tunavaa kofia nyeupe, aproni nyeupe na kitambaa mdomoni, wote sita. Wateja hawajui yupi ni yupi. Ndivyo ninavyopenda.

Wiki iliyopita msichana mmoja alikuja kununua wali na samaki. Alikuwa amevaa jaketi lile. La kiwandani, siku hizi yapo katika kila duka, nyuzi zake zimebandikwa kwa gundi. Akaniuliza mbona namtazama. Nikasema linampendeza. Akageuka nilione hata mgongoni, akasema, "Ni la Mio." Nikamfungia chakula.

Nimesoma ulivyoandika, yote. Naamini barua ya Mei uliiandika kwa moyo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ungekuwa mwongo tangu mwanzo ningekuwa nimekwisha kukusahau.

Usiniandikie tena. Ikija barua yenye jina lako nitairudisha bila kuifungua. Na ikija yenye jina zuri la mtu mwingine, nitajua ni wewe.

Mutsumi Orihara